Wageni wa Kanisa Walale Majumbani Mwetu

Mwezi uliopita wazee wa kanisa letu hapa Dodoma walikaa kupanga mapokezi ya kwaya itakayotujia kutoka Kigoma kwa sikukuu ya mavuno. Miaka yote shughuli hiyo imekuwa na utaratibu unaojulikana karibu kila kanisa nchini. Katibu anasimama wakati wa matangazo na kuuliza nani atapokea wageni wangapi, mikono inanyooshwa, majina yanaandikwa, na siku ya ugeni kila mwenyeji anasubiri nje ya kanisa mpaka aitwe aondoke na wageni wake. Safari hii limekuja pendekezo jingine: kwaya ilale gesti iliyo karibu na stendi, chakula kiandaliwe na mpishi wa kukodi, nasi tuchangie fedha.

Sababu zilizotolewa ni za kweli. Wengi wetu tumepanga chumba na sebule, choo ni cha wapangaji wote, na watu wanarudi kutoka kazini giza limeshaingia. Mwaka juzi mgeni mmoja alipoteza simu na maneno yakawa mengi. Niliomba nafasi ya kusema, lakini muda wa kikao ulikuwa umekwisha, na mchungaji akanishauri niandike. Nimetii.

Ninaamini kwamba kupokea mgeni ni huduma ya kanisa sawasawa na kuhubiri na kuimba, na kwamba huduma hii ni ya watu wengi kwa pamoja. Tukiilipia, vitanda tutavipata, ila huduma yenyewe tutakuwa tumewanyang'anya watu walioitwa kuitenda. Haya sikuyasoma chuoni. Nimeyaona nikiwa mtoto wa nyumba iliyopokea, kisha nikiwa mgeni, kisha nikiwa mwenye nyumba.

Nilizaliwa Ngara, mkoani Kagera, katika wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Baba alikuwa katekista wa Kianglikana, akilea makanisa madogo ya milimani. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia, na wahubiri waliotoka upande wa Bukoba au waliovuka kutoka Rwanda walifikia kwetu. Wengi wao walikuwa ndugu wa Uamsho. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki husimuliwa kwa majina ya watu wakubwa: Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, kisha Gahini, Rwanda, alikofanya kazi daktari huyo, moto ukawaka katika miaka ya 1930 na kufika Katoke, upande wetu wa mpaka, muongo huo haujakwisha. Husimuliwa pia toba, machozi, na wimbo wa Tukutendereza unaoimbwa hadi leo kuanzia Kampala hadi Dodoma.

Mimi nakumbuka godoro. Lilikuwa moja la maana nyumbani kwetu, na lilikaa katika chumba cha wageni. Wageni walipoingia jioni, Mama alikuwa ameshajua wangapi watalala kitandani, wangapi mkekani, na sisi watoto tutajibana wapi jikoni. Maji ya kuoga yalichemshwa kabla ya chakula, kwa sababu mtu aliyetembea siku nzima hana hamu ya kula mpaka aoge. Mafuta ya taa yaliyobaki yalikwenda kwenye chemli ya wageni. Na Mama hakuwa peke yake. Jirani mmoja alileta maharage, mwingine ndizi, mwingine maziwa ya mtoto wake. Mama mmoja Mkatoliki, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani kwetu, ndiye aliyekuwa na mashuka mazuri kijijini, na mashuka hayo yamelaliwa zaidi na wahubiri wa Kianglikana na wa Kilutheri kuliko yalivyolaliwa na watu wa nyumbani kwake.

Ndugu wa Uamsho walitembea kwa vikundi, kwa miguu na kwa baiskeli, bila bajeti. Kama zisingekuwapo nyumba za kulala kila baada ya mwendo wa siku moja, ujumbe wao ungeishia Gahini. Hesabu hii sijaona ikipigwa mara nyingi, na nadhani ni kwa sababu wenye sufuria hawakuandika barua za kuhifadhiwa.

Jumapili moja mhubiri mzee, mgeni kwetu, alimaliza mahubiri lakini hakuketi. Akamwomba Baba ruhusa, akatuma mtoto jikoni kuwaita akina mama waliokuwa wakipika. Walikuja wakijifuta mikono kwa kanga, wakiwa na aibu. Akawasimamisha mbele ya kanisa lote, akasema: “Bwana asifiwe. Mahubiri ya leo tumehubiri pamoja na hawa.” Akawashukuru mmoja mmoja. Mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile, naye aliitaja hata uzeeni. Hapo nilielewa kwamba shukrani ikitolewa hadharani humwonyesha mtu wito alio nao. Mpaka siku ile Mama alifikiri anamsaidia Baba kazi yake.

Nilipokuwa mkubwa niligundua kwamba mzee yule alikuwa na mwalimu mzuri. Mtume Paulo anafunga waraka wake kwa Warumi, wenye mafundisho mazito kuliko nyaraka zake nyingi, kwa orodha ndefu ya watu. Yumo Fibi wa Kenkrea, aliyewasaidia wengi. Wamo Priska na Akila, ambao kanisa lilikutana nyumbani mwao. Yumo mama yake Rufo, ambaye Paulo anasema amekuwa mama kwake pia. Yumo Gayo, mwenyeji wake yeye na wa kanisa zima. Wasomaji wengi hurukaruka sura hiyo ya kumi na sita kwa sababu ya majina. Mimi huisoma polepole. Mtu aliyeeleza haki ya Mungu kwa kina kile aliona vyema kumaliza kwa kuwashukuru waliompa pa kulala.

Kisha ukaja mwaka 1994. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, niko nyumbani. Mto Kagera ulikuwa ukipitisha miili ya watu waliouawa Rwanda, na hakuna mtu wa Ngara wa umri wangu anayeweza kuisahau Aprili ile. Tarehe 28 na 29 daraja la Rusumo lilivukwa na watu waliokadiriwa kufikia 250,000 katika muda wa kama saa 24. Mapanga yalirundikwa mpakani. Muda si mrefu Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya kampuni ya Kiitaliano ya kujenga barabara, pakawa kama mji mkubwa wa maturubai, na wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi.

Kabla ya maturubai na malori ya chakula kulikuwa na nyumba za watu. Baba na wazee wa kanisa walitoa mabenchi nje, wazazi wenye watoto wachanga wakalala ndani ya kanisa. Sufuria zilikusanyika uani kwetu: za Waanglikana, za Wakatoliki, za Wapentekoste ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa wakibishana na Baba juu ya ubatizo, na za familia za Kiislamu zenye maduka. Hakuna kikao kilichoitwa. Lugha ya Kihangaza inasikilizana na Kinyarwanda, kwa hiyo tulielewana, na kuelewana huko kulikuwa na uchungu wake, maana tulisikia kila kitu.

Mzee mmoja aliuliza swali lililokuwa mioyoni mwa wengi: tunajuaje kwamba hatumlishi muuaji? Baba hakulidharau swali lile. Alisema panga halitaingia uani, na mtu atakayeonekana anatisha wengine atapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, ila uji utapewa kila mwenye njaa kwa sababu njaa haina wa kuihukumu. Baadaye dunia nzima ilijua kwamba kambini walikuwamo waliopanga mauaji, na baadhi ya mashirika ya misaada yaliondoka kwa sababu hiyo. Sioni kwamba uji wetu ulikuwa mbaya. Lakini tangu wakati ule siwezi kukubali ukarimu unaofumba macho. Anayefungua mlango ana wajibu wa kujua ni nini kinaingia, na kuwalinda wanyonge miongoni mwa wageni wenyewe.

Gharama pia tuliiona. Miti ya milima yetu ilikwisha kwa kuni. Mihogo ya Mama iling'olewa usiku, nusu shamba. Alilia asubuhi, mchana akabandika uji kama jana yake. Sisemi hili ili kumtukuza, kwa kuwa wako wengine kijijini waliochoka na kufunga milango, nami siwalaumu. Nyumba moja haiwezi kubeba mzigo wa namna hiyo. Ndipo nilipoona faida ya makanisa kushikana mikono kwa mpango. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Walutheri wa dunia kwa kushirikiana na makanisa ya hapa, lilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini, na lilikuwa limewahi kuhudumia Wanyarwanda huku huku Ngara, katika makazi ya Muyenzi. Walipofika na malori, akina mama waliweza kupumzika. Ukarimu wa mtu mmoja mmoja ulifungua njia, na ule wa pamoja ndio uliodumu.

Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa kwanza kiitwacho Didakhe, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Kinaagiza kwamba msafiri ajaye kwa jina la Bwana apokewe na kusaidiwa, akae siku mbili au tatu, na akitaka kubaki moja kwa moja afanye kazi ale. Nilipoambiwa hayo nilishangaa, kwa sababu wazee wetu wamesema muda wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hutumia methali hiyo kumfukuza mgeni. Nchi yetu iliwahi kuitumia kwa njia bora. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa jembe kwa maana yake halisi, wakalima, wakajilisha, wakauza ziada. Baadaye zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Na kutoka makazi hayo ilitoka Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, ambayo nyimbo zake zimesikika redioni nchi nzima. Wazee wa kanisa wanaopanga mahali pa kuilaza kwaya wangekumbuka kwamba waliopokewa kama wakimbizi ndio waliotufundisha kuimba.

Zamu yangu ya kuwa mgeni ilikuja nilipokuwa mwalimu kijana. Mama aliugua, akapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Kanisa Katoliki. Sikuwa na ndugu Mwanza. Wanaouguza kutoka mbali wanajua maisha hayo: kufua na kuanika uani, kula ukisimama, kulala ukiwa umeshika mkoba. Asubuhi moja mama wa makamo aliyekuwa akigawa uji wodini aliniuliza ninalala wapi. Nilipomjibu, alisema tu, “Mwanangu, jioni tutashuka pamoja.” Tukashuka.

Alikuwa Mkatoliki wa jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya hizo kipaumbele katika miaka ya 1970, wakitaka kanisa liwe pale watu wanapoishi, na kila wiki jumuiya husali nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Kwa sababu hiyo habari za mgeni mmoja zilifika nyumba zote kabla ya usiku wa pili. Mmoja alileta sukari, mwingine dagaa, kijana mmoja mwenye baiskeli akajitolea kunipandisha kilimani asubuhi. Waliposali rozari niliketi nao, na walimtaja Mama yangu kwa jina, mwanamke wa Kianglikana wasiyemjua.

Siku ya kuondoka nilimwekea mwenyeji wangu fedha kidogo chini ya kikombe. Alinirudishia mbele ya watoto wake. Hakukasirika. Alisema, “Hiyo ni ya dawa za mama yako. Kwangu ulikuwa unatusaidia kuwa jumuiya.” Nilihangaika na maneno hayo njia nzima hadi Ngara. Nilikuwa nimejiona mzigo, na mzigo hutaka kujilipia. Yeye aliona kwamba jumuiya isiyo na mgeni wa kumpokea inabaki na sala bila kazi ya kufanya. Waswahili wanaposema mgeni njoo mwenyeji apone, mimi namwona mama yule anashuka kilima na uchovu wake.

Dodoma tulianza maisha katika vyumba viwili, na kwaya ya kwanza ilipokuja tuliomba wageni wawili. Tangu hapo hatujaacha. Sitasimulia wageni wote. Yupo mmoja ambaye lazima nimtaje bila jina: mke wa mwinjilisti kutoka kijiji cha mbali, aliyekuja na kwaya ya akina mama. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, hajatoka, nikadhani anaumwa. Akaniambia, “Dada, tangu niolewe sijawahi kulala kitanda nisichokitandika mwenyewe. Niache kidogo.” Nikafunga mlango na kumpelekea chai.

Mwanamke huyo alikuwa amepokea wageni wa kanisa maisha yake yote. Gesti ingempa kitanda kilichotandikwa pia, na asubuhi angerudisha ufunguo mapokezi. Alichopata kwetu ni mwanamke mwenzake aliyejua kwa nini ameketi kimya, kwa kuwa na yeye ni binti wa nyumba ya katekista. Tuliombeana kabla hajaondoka. Mpaka leo ananipigia simu sikukuu zikifika.

Nimefikiria sana hoja za wazee wetu, na moja ningeiongeza mimi mwenyewe, kwa kuwa ni nzito kuliko habari ya simu iliyopotea. Huduma hii imewalemea wanawake. Mama alizeeka mapema kwa kuni na maji. Kanisa likitaka wageni walale majumbani, wanaume nao waingie jikoni. Nyumbani kwangu mume wangu ndiye anayeteka na kuchemsha maji ya wageni, na kijana wetu wa kiume huosha vyombo. Wanaoishi chumba kimoja wasione haya: walete mchele, sabuni au mkaa kwa jirani mwenye nafasi, na majina yao yasomwe pamoja na la mwenye nyumba. Mgeni mgonjwa, au mama mwenye kichanga anayehitaji utulivu, apelekwe gesti kwa fedha zetu, na huo nao ni ukarimu. Vitu vya thamani viandikwe na kutunzwa na katibu.

Waraka wa Tatu wa Yohana ni mfupi sana, na sehemu kubwa yake inahusu jambo hili hili. Gayo anashukuriwa kwa kuwapokea ndugu wasafiri ambao ni wageni kwake, na mzee aliyeandika anasema wanaofanya hivyo wanakuwa watenda kazi pamoja na kweli. Diotrefe hakuwapokea, na aliwazuia waliotaka kuwapokea. Wazee wetu si akina Diotrefe. Ninawajua, na wengi wao wamelala njaa ili mgeni ale. Kwa hiyo ninawaomba kwa heshima: msituzuie.

Jumapili ijayo karatasi ya wenyeji ibandikwe mlangoni mwa kanisa kama zamani. Na siku ya mavuno, kabla kwaya ya Kigoma haijashukuriwa, waitwe mbele waliopika, waliotandika, walioteka maji na waliochangia mkaa, wanaume kwa wanawake, washukuriwe kwa majina. Mimi niandikeni wageni wawili.